Njaa Yetu Huja Shamba Likiwa Kijani

Hotuba hii niliitoa mwezi Oktoba mbele ya wakulima wa Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, kabla ya msimu wa kupanda. Wengi waliokuwa machungani na safarini siku ile wameomba waipate, kwa hiyo naiweka hapa yote.

Mbukwenyi!

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Mtendaji wa Kata, afisa ugani wetu, wazee wetu mliokaa mbele, mama zangu, baba zangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma juani, nawashukuru kwa kuja. Najua ni wakati wa kusafisha mashamba na kila mmoja ameacha kazi nyumbani. Kwa hiyo sitazunguka. Nimekuja kusema habari ya boga.

Naona baadhi yenu mnatazamana. Boga? Tumeitwa wote hawa kwa ajili ya boga? Ndiyo, mama zangu. Boga. Lile lile linalojiotea lenyewe nyuma ya zizi na hakuna anayelipalilia.

Niwaulize kitu. Katika mwaka, ni mwezi gani watoto wetu wanalala na njaa? Ni Agosti, nchi imekauka na upepo unapeperusha vumbi? (Watu: Hapana!) Hapana. Agosti vihenge bado vina uwele. Ni mwezi gani basi? (Watu: Wa pili!) Mwezi wa pili. Mmesema wenyewe.

Njaa yetu huja shamba likiwa kijani. Mgeni akipita barabarani mwezi wa pili akaona uwele umesimama mpaka magotini, atasema hawa watu mwaka huu wameneemeka. Hajui kwamba ndani ya ile nyumba kihenge kilifagiliwa tangu Krismasi. Hajui kwamba huo ndio mwezi jembe linataka nguvu kuliko miezi yote, na tumbo halina kitu. Baba anafanya nini? Anauacha uwele wake umezwe na magugu, anakwenda kupalilia shamba la mwenzake apate debe la mahindi. Debe linaisha. Akirudi kwenye shamba lake, magugu yameshamshinda. Mwezi wa sita anavuna magunia mawili mahali pa matano. Krismasi inayofuata kihenge kinafagiliwa tena. Mnamjua mtu wa namna hiyo? (Watu: Tunamjua!) Tunamjua sote, na si mvivu. Amekosa chakula cha miezi mitatu tu, Januari, Februari na Machi, na hiyo miezi mitatu inamla mwaka mzima.

Sasa tuitazame mvua yetu. Dodoma tuna msimu mmoja. Unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, unakwisha Aprili, na kwa kawaida mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 500 mpaka 600. Katikati yake, mara nyingi Februari, mvua inakatika, wakati mwingine wiki mbili, wakati mwingine tatu. Mtama na uwele tutavuna Mei na Juni. Je, ni zao gani linaweza kuingia chunguni Januari?

Ukipanda boga na mvua ya kwanza nzuri ya Desemba, katikati ya Januari unaanza kuchuma majani. Februari unachuma maboga machanga, yale laini yanayopikwa na ganda lake. Mwisho wa Machi na Aprili maboga yamekomaa. Wakati huo uwele ndiyo kwanza unajaza punje. Nasema tena, maana hili ndilo lililonileta: uwele unatulisha kuanzia Juni, na boga linatulisha kuanzia Januari. Hatukuambiwa tuchague kimoja. Tunavihitaji vyote viwili, kwa sababu vinakuja kwa zamu.

Wazee waliopo hapa walisikia kwa wazee wao habari za Mtunya. Vijana wengi hawajui, basi nawaambia. Mtunya ndiyo njaa iliyoipiga Ugogo kati ya 1917 na 1920. Haikuanza na ukame. Ilianza na vita. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita hapa, majeshi ya Wajerumani yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua vijana wakawe wapagazi. Waingereza nao walipofika wakachukua hivyo hivyo. Kisha mvua ikagoma. Inakadiriwa watu wapatao 30,000 walikufa. Tafakarini nini kilichukuliwa. Nafaka na ng'ombe. Familia iliyotegemea vitu hivyo viwili peke yake ilibaki na nini? Ilibaki na porini, kuchimba mizizi na kuokota ubuyu.

Leo hakuna jeshi linalokuja kubeba uwele wetu. Lakini kwelea kwelea wanakuja. Mkulima anakaa juu ya dungu toka alfajiri mpaka jioni anapiga kelele na kurusha mawe, na bado wale ndege wakitua kwa wingi wao wanaweza kumaliza suke baada ya suke huku anawatazama. Umeshaona kwelea kwelea ametua kwenye boga akala? Hajawahi. Hana haja nalo.

Na wazee mnakumbuka miaka ya sabini, mwaka 1974, tukihimizwa Kilimo cha Kufa na Kupona, nchi imekauka, watu wanapanga foleni ya unga wa msaada. Unga wa njano, watoto wakauita unga wa Yanga. Serikali ilifanya vema kuuleta. Lakini unga wa msaada unaletwa na lori, lori linategemea barabara, na ninyi mnajua barabara zetu za vijijini zinavyokuwa Februari mito ikishuka. Chakula cha Februari inafaa kiwe kiko tayari hatua ishirini kutoka mlangoni.

Nikisema hatua ishirini namkumbuka mama mmoja wa upande wa Mvumi. Yeye alichimba mashimo yake nyuma ya bafu la makuti, mahali maji ya kuoga yanapotokea. Mashimo machache tu. Mwaka huo mvua ilikatika mapema, uwele wa jirani zake ukajikunja majani, wa kwake pia. Lakini maboga yake yalikuwa yanakunywa kila jioni watu wakioga. Siku za mnada alikuwa anafunga mafungu ya majani asubuhi na mapema, anayafunika kwa kitambaa chenye maji yasinyauke, anauza, anarudi na unga. Hakwenda kupalilia kwa mtu. Alibaki anapalilia uwele wake, na mvua iliporudi mwezi wa tatu ilikuta shamba lake safi. Mnaona boga lilichofanya pale? Lilimwachia mama yule nguvu zake zibaki shambani kwake.

Sasa nataka niseme jambo ambalo wahamasishaji wengi hawalisemi. Boga si ugali. Akija mtu hapa akawaambia acheni uwele mpande maboga, msimsikilize. Nyama ya boga zaidi ya asilimia 90 ni maji. Gramu 100 za nyama ya boga zinampa mtu kama kilokalori 26. Unga wa uwele wa uzito huo huo unakaribia 360. Mtu anayelima na jembe akila boga tupu wiki nzima atashiba tumbo lakini miguu itamtetemeka.

Basi nguvu ya boga iko wapi? (Kimya.) Iko kwenye kile tunachowamwagia kuku! Mbegu. Gramu 100 za mbegu kavu za maboga zina zaidi ya kilokalori 500, na protini inakaribia gramu 30. Mafuta yamo, madini ya zinki yamo. Mama zangu, tunapasua boga, tunachota mbegu zote kwa mkono mmoja, tunazitupa uani, halafu tunatoka kwenda kukopa maharage. Boga moja kubwa lina mbegu mamia. Msizitupe tena.

Nilimkuta mama mmoja kliniki ana mtoto aliyesimama uzito, kadi yake mstari umelala. Muuguzi pale, dada mwenye subira sana, hakumgombeza. Alimuuliza nyumbani kuna nini. Mama akasema kuna unga wa uwele na maboga, basi. Muuguzi akamwambia: hivyo vinatosha kuanzia. Osha mbegu zitoke ule utelezi, zianike mpaka zikauke zivunjike ukizikunja, zikaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, zianze kupasuka na kunukia. Usiziache ziungue. Zitwange na maganda yake, uchekeche. Ule unga weka kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Kila uji wa mtoto ukikaribia kuiva, tia kijiko cha chakula kimoja, koroga. Hakumpa dawa ya kununua. Mwezi uliofuata ule mstari kwenye kadi ulikuwa umeanza kupanda, na nilimwona yule mama anamwonyesha mwenzake kwenye benchi namna ya kutwanga.

Nyama ya boga nayo ina kazi yake, msiidharau. Ule unjano wake ndio mwili unaugeuza kuwa vitamini A, na mtoto anayekosa vitamini A jioni haoni vizuri, anagonga vitu. Kadiri nyama ilivyo ya njano iliyokolea, ndivyo inavyofaa zaidi. Ila unjano huo unataka mafuta kidogo ili mwili uupokee. Sisi wa Dodoma tuna karanga na tuna alizeti, hatuna udhuru. Majani kadhalika: ambua zile nyuzi za nje, katakata, yapike kwa muda mfupi, tia karanga zilizotwangwa. Ukila na ugali wa uwele, hicho ni chakula kamili, wala si chakula cha shida.

Tuje shambani. Wangapi hapa mmefika Kongwa? Nyoosheni mikono. Wengi. Mwaka 1947 Waingereza walianza pale mradi mkubwa wa karanga. Walitaka kulima zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa katika nchi yetu, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, wakaleta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Fedha iliyotumika ilizidi pauni milioni 36. Mwezi Januari 1951 mradi ukafutwa. Kwa nini? Sababu zilikuwa nyingi, lakini mbili zinatuhusu leo. Mvua ilikuja kidogo kuliko walivyopanga kwenye karatasi. Na ule udongo wa Kongwa, mvua ikipita na jua likipiga, ulijifunga ukawa mgumu hata karanga zikashindwa kung'olewa ardhini.

Je, Kongwa hakulimiki? Kunalimika, ndugu zetu wa Kongwa wanalima karanga mpaka leo. Tatizo la pale halikuwa ukosefu wa mashine. Hapa kwetu anayeshinda ni yule anayeyafanya maji yaingie ardhini. Mvua yetu ikija inakuja kwa hasira, saa moja, inateleza juu ya udongo uliofungana, inakwenda korongoni, na kesho yake shamba limekauka. Milimita 500 zinatosha boga kama zitaingia ndani. Zikipita juu hazitoshi hata magugu.

Majirani zetu wa Chololo wamelielewa hili. Mashimo yao sasa yanajulikana kwa jina la kijiji chao: upana sentimita 22 hivi, kina sentimita 30, yamepangwa mistari shamba zima, na ndani yake wanapanda nafaka. Boga linataka shimo la namna hiyo hiyo, ila kubwa zaidi, na machache.

Sikilizeni vizuri, na kijana mwenye daftari aandike. Chimba shimo la dhiraa moja upana na dhiraa moja kina. Dhiraa ni kiwiko mpaka ncha ya kidole, huhitaji futi kamba. Ule udongo wa juu, mweusi mweusi, uweke upande wake. Ule wa chini, mwekundu na mgumu, uweke upande wa mteremko uwe kingo ya nusu duara, ili maji yakishuka yakwame shimoni. Chini kabisa tupia mabua ya mwaka jana na majani makavu, shibiri moja. Kisha changanya debe moja la samadi na ule udongo wa juu, rudisha shimoni. Samadi iwe ya zamani, ile iliyokaa zizini mpaka imekuwa unga na haina harufu kali. Samadi mbichi itaunguza mbegu. Usijaze shimo mpaka juu, liache libonyee shibiri moja ili lipokee maji. Fanya haya wiki mbili kabla ya mvua. Mvua ikishanyesha na udongo ukalowa kwa kina cha kiganja kizima, panda mbegu tatu kila shimo, kina cha pingili moja ya kidole. Zikiota, bakiza miche miwili yenye nguvu. Kutoka shimo hadi shimo, hatua tatu kubwa. Juu ya udongo tandaza nyasi kavu, jua lisifike chini.

Mashimo mangapi? Mimi naomba kila kaya mashimo kumi. Kumi tu. Tuhesabu kwa uchache, kwa mwaka mbaya. Mashimo kumi, miche miwili miwili, ni miche ishirini. Kila mche ukitoa maboga mawili, ni maboga arobaini. Nani hapa ana maboga arobaini nyumbani kwake mwezi Mei? (Kimya.) Na kazi ya kuchimba mashimo kumi kijana mmoja anaweza kuimaliza kwa siku chache za asubuhi, jua halijachoma.

Wapi? Machache karibu na nyumba yapate maji ya kuoga na ya kuoshea vyombo, mengine ndani ya mtama na uwele. Matawi yatatambaa kati ya mistari, majani yatafunika udongo, magugu yatapungua. Usiyaweke kwenye karanga, yatazifunika zikose jua. Na ya nyumbani zungushia miiba, maana mbuzi analipenda boga kuliko sisi.

Wahenga walisema, ukipenda boga penda na ua lake. Tunausema msemo huu harusini, tunausema kwa watoto wa kufikia. Shambani tunausahau kabisa! Kijana mmoja wa Bahi aliwahi kuniita shambani kwake amekasirika. Miche imestawi, maua manjano yamejaa, yanafunguka, yanaanguka, hakuna boga hata moja. Akasema mbegu hizi ni za kiume, akaanza kung'oa. Nilimshika mkono. Tukainama pamoja. Nikamwonyesha ua moja: limesimama juu ya kikonyo chembamba kirefu, ndani yake kuna kitu kimoja kama kidole chenye vumbi la njano. Hilo ni ua dume. Yote yaliyoanguka yalikuwa madume. Boga hutanguliza madume, majike yanafuata siku kadhaa baadaye, mche ule ule. Tukatafuta mbele zaidi kwenye tawi, tukaliona: ua bado limefumba, na chini yake kuna kiboga kidogo cha kijani, ukubwa wa gololi. Hilo ndilo jike. Yule kijana alikuwa anakaribia kung'oa chakula chake siku chache kabla hakijafika.

Ua la boga hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, siku moja tu. Ndani ya saa hizo lazima nyuki abebe chavua kutoka dume mpaka jike. Nyuki asipokuja, kile kiboga kinageuka njano na kudondoka. Ndiyo maana nawaomba, anayepuliza dawa ya wadudu kwenye alizeti au mboga asipulize asubuhi. Apulize jioni, nyuki wamerudi mzingani. Na kama shambani kwako nyuki wamepungua, fanya kazi yao mwenyewe: kabla ya saa tatu asubuhi chuma ua dume, bandua yale majani manjano, kile kidole chenye vumbi kiguse katikati ya ua jike, polepole. Dume moja linatosha majike mawili matatu. Watoto wanaifanya kazi hii vizuri kuliko sisi, na wakishaifanya hawakanyagi maboga tena.

Kuhusu majani, mama zangu, tusichume kwa hasira. Ukikata ncha ya tawi, mche unatoa matawi mengine mawili, hilo ni jema mwanzoni. Lakini mche ukishabeba maboga, ukiunyonyoa majani yote boga litapata chakula wapi? Chuma machanga, acha makubwa, hama mche huu nenda ule.

Wadudu niseme kwa ufupi, afisa ugani ataongeza. Nzi wa matunda anatoboa boga changa na kutaga ndani. Boga lililotobolewa likaoza usiliache shambani, maana hapo unamlea. Kusanya, fukia nusu mita chini. Ukiona unga mweupe juu ya majani, huo ni ubwiri unga. Ondoa majani yaliyozidiwa mapema. Na boga likianza kukua liwekee nyasi chini, lisilale kwenye udongo mtupu.

Sasa jambo la kuhifadhi, ambalo kwangu ni zito. Mwaka 2016 katika mkoa wetu wa Dodoma na jirani zetu wa Manyara watu waliugua, macho yakawa njano, matumbo yakavimba. Watu 68 waliugua, 20 wakafariki. Haikuwa uchawi, ingawa wengi walidhani hivyo mwanzoni. Ilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu uliomo kwenye mahindi yasiyokaushwa na kuhifadhiwa vizuri. Sumu ile huwezi kuiona kwa macho wala kuionja, na kupika hakuitoi. Mama alipika ugali kwa mapenzi yote, akawawekea wanawe mezani.

Nalisema hili ili mtu asifikiri kuweka chakula ni kujaza gunia tu. Boga lenyewe ni ghala, Mungu amelifunga kwa ganda. Likioza utaliona na utalinusa, utalitupa. Haliliwi na dumuzi. Halihitaji dawa ya kuhifadhia. Boga lililokomaa, likiwekwa vizuri, linakaa miezi mitatu, minne, mengine hata sita. Lililovunwa Aprili unalila Septemba.

Lakini likomae! Utajuaje? Ligandamize kwa ukucha. Ukucha ukiingia, liache. Ukucha ukigoma, na kikonyo kimeanza kukauka na kuwa kama gome, kata. Kata kwa kisu, uache kikonyo cha urefu wa kidole kwenye boga. Usilivute, na usilibebe kwa kikonyo, maana kikikatika pale ndipo mahali uozo unapoingilia. Usilioshe. Lianike juani kama siku kumi ganda lizidi kukaza. Wenye nyumba za tembe mnajua, paa lile la udongo lina nafasi nzuri kwa kazi hii. Kisha weka kwenye kichanja ndani, penye hewa, kila boga peke yake, lisigusane na jingine. Kila wiki pita ukague. Lenye jeraha liwe la kwanza kupikwa. Na yale utakayoona hayatafika mbali, yakate vipande vyembamba, yakaushe kivulini penye upepo, yakikauka kabisa weka kwenye chombo kinachofungwa. Jua kali linapunguza ile vitamini, ndiyo maana nasema kivulini. Mbegu za kula nazo zikaushwe kabisa kabla ya kufungiwa, kwa sababu ukungu hauchagui.

Mbegu za kupanda usizitoe kwenye boga kubwa ulilolipenda kwa macho tu. Nenda ukautazame mche wenyewe. Je, ulivumilia ule ukame wa Februari? Ulibeba maboga zaidi ya moja? Huo ndio wa kuchukulia mbegu. Ukinunua mbegu za dukani zilizoandikwa F1, yaani chotara, ujue mwaka wa pili hazitatoa boga lile lile. Si mbaya, ila usitegemee kuzirudisha. Mbegu zetu za asili zinarudi.

Na hili naomba kila mtu alishike, alifikishe na kwa bibi aliyebaki nyumbani. Boga likiwa chungu mdomoni, liteme, limwage lote. Boga chungu ni sumu. Hutokea pale mbegu ya boga imechanganyika na jamii zake chungu, na uchungu ule hautoki kwa kuchemsha wala kwa kutia chumvi. Hata kama ni mwezi wa pili na nyumbani hakuna kingine, usimpe mtoto boga chungu. Na mbegu zake usizipande.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza. Pale kwenye mkeka, mbele ya mtendaji, kuna mbegu za asili, zimechaguliwa mwaka huu kwenye miche iliyovumilia. Kila kaya itachukua mbegu 30, zinatosha mashimo kumi. Hazilipiwi. Lakini mwezi wa tano kila kaya itarudisha mbegu 60 kavu, ili vitongoji ambavyo leo havikufikiwa navyo vipate. Mtendaji anaandika majina, na nimemwomba awaandike mama wa nyumba, maana wao ndio wanaojua mbegu imewekwa chungu gani. Tarehe 15 Novemba afisa ugani ataanza kupita nyumba kwa nyumba kutazama mashimo. Hataki kuona mbegu siku hiyo, anataka kuona mashimo na samadi.

Tuna muda wa maswali mpaka jua lifike kwenye ule mbuyu. Naona mkono wa mama pale nyuma. Karibu mama, simama, sema kwa sauti wote wasikie.